Firigisi ya Mjomba

Gabrieli Kobelo alikuwa na kisu kidogo cha mpini wa mbao, na kisu hicho kilikwisha kupita katika matumbo ya ndege wengi kuliko idadi ya watu aliopata kuwasalimia maishani mwake.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mhudumu wa chumba cha kupasulia katika chuo kimoja kidogo cha mifugo, pembezoni mwa mji wa Morogoro, mahali ambapo milima ya Uluguru hujitokeza dirishani asubuhi na kujificha mawinguni kabla ya adhuhuri. Hakuwa mwalimu. Alikuwa na elimu ya darasa la saba na vidole visivyotetemeka. Wanafunzi walipoingia walikuta sinia la bati limefunikwa kitambaa kilicholowa, na chini yake matumbo ya ndege watano yamepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja limechanwa upande mmoja na kukunjuliwa: la kuku, la njiwa, la mwewe, la yangeyange na la chozi.

Ndege, kama alivyoumbwa na Mola wake, ana tumbo la sehemu mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni laini na hutoa maji makali ya kukilainisha chakula. Ya pili ni firigisi. Lakini riziki zao hazikuwa moja, na kwa hiyo matumbo yao hayakukatwa kwa kipimo kimoja. Kuku na njiwa, walao punje, walipewa firigisi nene, misuli miwili inayotazamana kama mawe ya kusagia, na katikati yake changarawe ambazo ndege huzimeza mwenyewe kwa kuwa hakujaliwa meno. Mwewe, mla nyama, ana mfuko mwembamba tu. Mifupa na manyoya huvitapika vikiwa donge. Yangeyange, mla vyura na samaki, amepanuliwa tumbo la kwanza na kupunguziwa la pili. Na chozi, yule mdogo anayening'inia kwenye maua kunyonya utamu wake, firigisi yake haizidi punje chache za mtama.

Haya yote walimu waliyasoma vitabuni. Gabrieli aliyajua kwa dole gumba. Na lipo jambo alilolijua kabla ya kulisikia kwa mtu yeyote, akalipenda kama mtu anavyolipenda shamba alilolifyeka mwenyewe: kwamba hata kuku na kuku hawalingani. Kuku wa kienyeji, anayehangaika uani akidonoa mahindi, wadudu na mchanga, firigisi yake ni ngumu kama ngumi ya mtoto. Kuku wa banda, aliyelishwa unga laini wa dukani tangu utotoni, firigisi yake ni legevu, nayo hubonyea. Mpe ndege kazi ndogo, naye tumbo lake litalegea kama mkono wa mvivu.

Wanafunzi walimwita Daktari Firigisi. Wengine walimwita hivyo kwa mapenzi, wengi kwa kejeli. Yeye aliitikia wote.

Ilitokea mwaka mmoja kwamba mwalimu aliyekuwa akitahini aliandika kibandiko cha mwewe mbele ya tumbo la yangeyange. Gabrieli, ambaye ndiye aliyempasua ndege yule na kumtoa chura mzima kooni, alisogea akamnong'oneza kwa adabu: "Mwalimu, samahani, hili ni la yangeyange." Mwalimu akageuka, akapaza sauti iliyosikika hadi nje.

"Jamani, leo tumepata profesa! Profesa, unaweza kutuandikia jina la kitaalamu la ndege huyu ubaoni? Huwezi? Basi chukua ndoo, ukaoshe mitungi."

Darasa zima likacheka. Gabrieli akaosha mitungi, mmoja baada ya mwingine, mbele yao. Kesho yake asubuhi aliingia kabla ya wengine, akaona kibandiko kimebadilishwa: *yangeyange*, kwa mwandiko wa mwalimu yule yule. Mwalimu alimpita kwenye korido akamwuliza kama sabuni imekwisha.

Aliikumbuka asubuhi hiyo kwa miaka kumi na minane. Hakuikumbuka kama mtu anayekumbuka jeraha lililopona.

Alipostaafu alipanda mlima, akarudi Mgeta, kwenye ardhi ya upande wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Dada yake, Modesta, mjane, alikuwa akilima kabichi na njegere kwenye matuta yaliyoning'inia juu ya korongo, akisaidiwa na bintiye wa pekee, Furaha, aliyefundisha chekechea ya parokia. Katika ukoo ule baba hana sauti kubwa juu ya watoto; sauti ni ya mjomba. Hivyo mtu ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakuwa na haki ya kubandua hata kibandiko, alijikuta ghafla ni mtu ambaye binti haolewi bila neno lake.

Naye Furaha alitaka kuolewa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na alimpenda Amosi, kijana wa Gairo aliyeendesha lori la mboga kutoka Mgeta hadi Dar es Salaam. Walikuwa wamengojana miaka miwili. Lililobaki lilikuwa posa, na katika ukoo wa Gabrieli posa haikukamilika kwa maneno.

Upande wa mwanamume huleta jogoo. Sharti jogoo huyo awe amekulia katika ua wao wenyewe. Hanunuliwi sokoni, haazimwi kwa jirani. Yeye ndiye shahidi wa nyumba: mwenye kumtunza kuku hadi akawika, hudhaniwa ataweza kumtunza na mtoto wa watu. Jogoo huchinjwa siku hiyo hiyo, hupikwa, na kila kiungo kina mwenyewe. Mapaja ni ya wageni. Kichwa, shingo na miguu ni ya wanawake wa jikoni. Firigisi hupelekwa nzima kwa mjomba, imesafishwa kwa mpasuo mdogo ubavuni. Akiila yote na kusema "Nimeridhika," posa imepokewa. Asipoila, wageni hushika njia yao.

Wakaja siku ya Jumamosi, lori la Amosi likipanda tupu kutoka mjini, ukungu umefunga mabonde yote. Walikuwa watatu: Amosi, mshenga wao Mzee Dominiko, na Rahel, mama yake Amosi, mjane aliyeuza karanga na kuku katika soko la Gairo. Rahel alikuwa amempakata jogoo tangu alfajiri, amemfunga kwa khanga, kichwa tu kikitokeza. Modesta alipompokea, mwanamke yule hakuiachia khanga mara moja. Alimpapasa ndege shingoni, akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia, ndipo akamtoa.

Adhuhuri chakula kikatengwa. Majirani kumi na wawili walikuwamo, maana posa bila mashahidi si posa. Gabrieli aliketi kwenye kiti cha mikono, kanzu nyeupe, sahani yake imefunikwa kawa. Akalifunua kawa. Akaibonyeza firigisi kwa dole gumba, si kwa kusudi, bali kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja.

Ikabonyea.

Akaibonyeza tena. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kisu cha mpini wa mbao, akaichana firigisi ile katikati na kuikunjua kwenye sahani. Nyama yake ilikuwa nyembamba, imelegea kama tambi.

"Modesta!"

"Abee, kaka," dada yake akaitika kutoka jikoni.

"Ule utando wa njano ulioubandua ndani ya firigisi uko wapi?"

"Nimeutupa, kaka."

"Uokote. Na vilivyokuwamo uvilete."

Modesta akaja na kipande cha jani la mgomba. Juu yake palikuwa na utando mwepesi kama ganda la kitunguu na ujiuji wa kijivu.

"Mawe je?"

"Hayakuwamo, kaka."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Sasa niletee kichwa."

Kichwa kilikwisha kugawiwa wanawake. Kikatolewa bakulini kikitoa mvuke. Gabrieli akakigeuza kwa ncha ya kisu. Mdomo wa juu ulikuwa umekatika nusu, umebaki kigutu.

Watu waliokuwapo siku ile husema Gabrieli alibadilika sura. Alisimama polepole, mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama alivyowaona walimu wakisimama mbele ya sinia alilolipanga yeye.

"Wageni wetu," akasema, "ndege hana siri kwa mtu anayemjua. Jogoo wa uani humeza changarawe, na firigisi yake huwa ngumu. Huyu hakupata kumeza hata jiwe moja. Ameishi kwa unga wa dukani. Na mdomo wake umekatwa, kama wanavyokatwa midomo kuku wote wa mabandani wasidonoane. Huyu si jogoo wa ua wenu. Mmemwokota wapi, pale stendi ya Msamvu?"

Jirani mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata.

"Mzee mwenzangu," Dominiko akasema, "pima maneno yako. Jogoo huyu mimi namfahamu tangu akiwa kifaranga."

"Unamfahamu? Haya, tutajie jina lake."

Kicheko kikazidi. Lakini Rahel, aliyekuwa ameinamisha macho, akainua uso akajibu kwa unyoofu, kama mtu aliyeulizwa swali la kweli:

"Anaitwa Subira."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mzee mmoja alipaliwa na wali, ikabidi apigwe mgongoni. Rahel alingoja kelele zipungue, kisha akaendelea, akimtazama Gabrieli peke yake.

"Kaka yangu, nguchiro aliingia bandani usiku, akawamaliza ndugu zake na mama yao. Huyu nilimkuta hai, mdomo umeng'atwa. Hakuweza kudonoa kitu. Nimemlisha uji wa mtama na karanga za kusaga, kwa kidole changu hiki, asubuhi na jioni. Miaka mitatu. Nina majogoo wengine saba, wazima. Nilimleta huyu kwa sababu sina kingine kilichonigharimu kama yeye."

"Miaka mitatu unamlisha kuku uji kwa kidole!" Gabrieli akasema, akiwageukia majirani. "Na huyu mwanao ulikuwa unamlisha nini, mama? Ulikuwa unamtupia mahindi uani?"

Amosi akainuka. "Mzee, huyo ni mama yangu."

"Keti, dereva. Usukani wa hapa si wako." Akakishika kile kichwa kwa vidole viwili, akakiinua watu wakione. "Mtazameni huyo nguchiro wa Gairo, jamani. Anang'ata kwa mstari ulionyooka. Nadhani alikuja na mkasi."

"Haki ya Mungu, kaka..." Rahel akaanza.

"Mungu muache kwanza. Tutazame sahani yako." Watu wakatazama. Katika sahani ya Rahel mlikuwa na wali mtupu. "Wenzako wanakula nyama. Mbona wewe huli?"

"Siwezi kumla," Rahel akasema, kwa sauti ndogo.

"Bila shaka," akasema Gabrieli. "Aliyenunua ndiye anayejua alikonunua."

Furaha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Alisema "Mjomba," mara moja tu, na mama yake akamkamata kwa nguvu juu ya kiwiko, kwa sababu wa jikoni hawaingilii neno la barazani siku ya posa. Gabrieli akaisukuma sahani katikati ya mkeka.

"Sikuridhika," akasema.

Rahel aliikunja khanga aliyombebea jogoo, upindo juu ya upindo, taratibu mno, kama mtu anayekunja sanda ya mtoto. Unyoya mmoja mwekundu ulikuwa umenasa kwenye ncha yake, akauacha. Aliwashukuru wenyeji kwa chakula ambacho hakukila. Kisha wakapanda lori, likateremka ukunguni, na majirani wakazipigania nyama za mapaja.

Wageni walipokwisha kuondoka, Gabrieli aliketi nyuma ya nyumba akikipangusa kisu chake. Modesta akaja, akaweka mbele yake kifuniko cha sufuria. Juu ya kifuniko palikuwa na miguu miwili ya kuku iliyochemshwa.

"Hili ni fungu letu," akasema. "Itazame, kaka."

Akaitazama. Nyuma ya kila mguu ulitokeza mwiba, mnene shinani, umepinda kuelekea juu, mrefu kama kidole cha mwisho cha mtu mzima.

Hakuhitaji kuelezwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake ya kwanza. Miiba ya namna ile haioti kwa miezi. Jogoo huihitaji miaka mitatu kuikuza. Na hakuna mfugaji wa mabanda chini ya jua anayemweka jogoo miaka mitatu. Wa nyama huchinjwa hata mwezi wa pili haujatimia. Wa kabila la mayai hutupwa siku wanayoanguliwa, kwa kuwa hawatagi. Jogoo mzee wa bandani hayupo. Kilichobaki ni jogoo wa nyumbani asiyeweza kudonoa, aliyelishwa uji hadi firigisi yake ikalegea. Tumbo lilikuwa limesema kweli kuhusu chakula. Halikusema lolote kuhusu yule aliyekitia mdomoni.

"Uliiona lini?" akauliza.

"Nilipokuwa nikimnyonyoa."

"Na ukanyamaza?"

"Uliita utando. Ukaita kichwa," Modesta akasema. "Miguu hukuiita."

Kutoka pale walipoketi lori lilisikika bado, likiunguruma kwenye kona za chini.

"Mpigie Mzee Dominiko simu, kaka. Hawajafika hata Mlali. Sema tu umekosea. Watageuza."

Gabrieli aliisikiliza injini ile. Akilini akamwona yule mwalimu wa zamani kwenye korido, akiuliza habari za sabuni. Watu kumi na wawili walikuwa wamemsikiliza leo bila mmoja wao kumtuma ndoo.

"Irudishe jikoni," akasema.

"Kaka!"

"Irudishe. Kuleni fungu lenu. Na hukuona kitu."

Modesta akakichukua kifuniko. Alipogeuka alimkuta Furaha nyuma yake, amesimama kwenye matuta ya njegere, na usoni pake ilionekana wazi kwamba hakuna neno lililompita. Binti akasogea, akapiga magoti mbele ya mjomba wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

"Mjomba, mimi siombi uwaite watu wote. Mwambie mama yake peke yake. Neno moja."

"Mimi nikikosea kuhusu ndege," Gabrieli akasema, "niliyoyajua yote ni nini? Nitakuwa nani katika kijiji hiki? Mwosha mitungi?"

"Utakuwa mjomba wangu."

Akaukunja ubapa wa kisu ndani ya mpini, akainuka. "Wanaume wako wengi," akasema, akaenda kusali rozari yake.

Furaha alimpigia Amosi mwenyewe, siku hiyo na siku zilizofuata. Amosi aliamini kila neno, lakini kuamini kwake hakukutosha. "Mama anasema aliyelitamka ndiye alifute," akamwambia. "Hataingia tena nyumba aliyoitwa mwongo mbele ya sahani yake. Nami siwezi kuoa mama yangu akiwa amekaa nje ya mlango." Furaha akaupeleka ujumbe huo kwa mjomba wake mara tatu. Mara ya kwanza alimjibu kwa hasira, mara ya pili kwa mzaha, mara ya tatu alijifanya amelala.

Habari za jogoo wa stendi zilishuka mlima pamoja na magunia ya karoti, zikapanda barabara ya Dodoma na madereva, zikafika soko la Gairo. Wanunuzi wakaanza kumtania Rahel: "Mama, tupasulie kwanza firigisi tuikague," "Mama Subira, hawa nao umewalisha uji?" Alivumilia msimu mmoja wa mavuno. Kisha akawauza majogoo wake saba kwa siku moja, akafunga banda, akabaki na karanga. Mwaka ule ule Amosi aliozwa binti wa jirani yao, ambaye ukoo wake hauulizi kuku. Njia ya lori lake akaibadilisha. Mgeta hakuonekana tena.

Ikapita miaka mitano. Wachumba wawili walitajwa na wote wawili wakaghairi kabla ya kupanda, maana nani anataka kumpeleka mama yake kwa Gabrieli Kobelo? Katika miaka hiyo Furaha hakumkosea mjomba wake heshima hata siku moja. Alimwamkia shikamoo kila asubuhi. Alimfulia kanzu. Alimpikia chakula laini, kwa kuwa meno yake yalikuwa yakimtoka na yaliyobaki yalikuwa upande wa kushoto tu. Modesta alimwogopa bintiye kwa ajili ya upole huo.

Hatimaye akaja mgane kutoka Ngerengere, mlinzi wa ghala, mtu wa miaka arobaini na tisa mwenye watoto watatu. Alimtazama Furaha kama mtu anayetazama jiko kama linashika moto. Furaha akakubali. Alipoulizwa na mama yake kama ana hakika, alijibu kwamba Ngerengere ni mbali, na kwamba treni hupita pale.

Wageni wakaleta jogoo mwekundu, mwenye sauti, aliyewika mara mbili mikononi mwa mchinjaji. Majirani walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Walikumbuka mchezo wa awali na walitaka kuuona tena. Furaha aliomba jambo moja tu jikoni: kwamba firigisi aiandae yeye. Mama yake alimtazama mikono, akamwachia.

Sahani ikaletwa chini ya kawa. Vicheko vidogo vikapita, mtu akasema, "Kisu, mzee!" Lakini kisu kilibaki mfukoni. Tangu siku ya ile miguu miwili Gabrieli hakupata tena kuichana firigisi mbele ya watu. Aliogopa, wala hakumwambia mtu kwamba anaogopa. Akaichukua kwa vidole. Haikubonyea. Ilikuwa ngumu kama ngumi ya mtoto. Akashukuru moyoni, akaitia upande wa kushoto, akauma.

Waliokaa karibu walisikia mlio.

Firigisi haikusafishwa. Ilikuwa imetiwa mpasuo ubavuni kama desturi, lakini utando ulikuwamo, na ndani ya utando changarawe zote ambazo jogoo wa Ngerengere alizimeza uani kwao, zimechemka pamoja na mahindi aliyokuwa hajamaliza kuyasaga. Gabrieli akakaa na kinywa kimefungwa. Macho yake yakapanda, yakamkuta Furaha amesimama mbele yake na birika la kunawia na beseni, kama ilivyompasa binti anayeposwa.

"Vipi, Mjomba?" akauliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Ni wa kienyeji?"

Mgane na ndugu zake walikuwa wameinama mbele kidogo. Angeweza kutema. Angetema, angesema jikoni pamekosewa, na wageni wangeondoka kwa fedheha ya pili. Na yule mwanamwali aliyesimama na birika angefungua kinywa mbele ya watu wote hawa, akaeleza miguu ile ilikuwa na miiba mirefu kiasi gani. Aliyasoma hayo usoni pake waziwazi, kama alivyozoea kusoma sinia.

"Wa kienyeji," akasema, kupitia meno.

"Basi malizia, Mjomba. Desturi ni yote."

Akatafuna. Jino lililokuwa likitikisika lilipasuka kwa kipande cha pili, na mlio wake haukutofautiana na mlio wa jiwe. Machozi yakamlenga, jirani mmoja akamsifu kwamba anaguswa na furaha ya mpwawe. Akameza. Kooni pakachubuka, akameza tena. Alijua, kuliko mtu yeyote pale, mawe yale yalikuwa yanakwenda wapi: kuku amejaliwa misuli miwili ya kuyasagia, na mwanadamu amejaliwa mfuko laini. Aliendelea hadi sahani ikawa tupu.

"Nimeridhika," akasema.

Vigelegele vikapanda. Mgane akapangusa jasho. Furaha akapiga magoti, akaweka beseni chini ya mikono ya mjomba wake, akamiminia maji. Alimimina taratibu, mpaka damu aliyokuwa ameipangusa midomoni kwa vidole ikaisha yote.

"Nikuongezee, Mjomba?"

Gabrieli akatikisa kichwa. Hakuthubutu kufungua kinywa. Furaha akasimama, akalipeleka beseni nje, akalimwaga mahali pale pale ambapo miaka mitano nyuma ulitupwa utando mwepesi kama ganda la kitunguu, kisha akaingia chumbani kufunga mizigo yake.